Salamu Zilifika, Gari Halikufika

Mpaka leo nikimwona yule dereva pale Mkuyuni nacheka kwanza, ndipo namsalimia. Yeye hacheki. Ananiambia, "Dada, mimi nilisalimiwa, nikaitika. Kosa langu liko wapi?" Na kweli, kosa hana. Asubuhi ile alipokea ujumbe kwenye simu, akausoma, akafurahi kukumbukwa, akajibu kwa adabu zote, akarudi kwenye chapati yake. Wakati huohuo, chini ya mlima, dada yangu mjamzito alikuwa amelazwa kwenye machela kando ya barabara. Wanaume waliombeba walikuwa wamekaa kwenye majani wakijifuta jasho, na mama mkubwa alikuwa akichungulia kona, anangoja gari ambalo mwenye nalo hakujua kama linangojwa.

Ngoja nianze vizuri, maana nikikasirika huwa naanzia katikati.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ninafanyia kazi chumba cha uani upande wa Mazimbu, na dirisha langu linatazama milima ya Uluguru, siku inapokubali kuonekana. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, anaishi huko juu, kwenye kijiji ambacho gari halifiki. Unashukia Mkuyuni, unaenda kidogo, kisha unaacha barabara na kuanza kupanda katikati ya migomba na midalasini mpaka magoti yaombe poo. Ana mtoto mmoja tu, wa kike. Watu wa mjini wangesema ni binamu yangu. Kwetu hakuna neno hilo. Mtoto wa mama mkubwa ni dada yangu, basi. Na kwa Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo dada yule ndiye nyumba nzima ya mama mkubwa. Akikatika yeye, pamekatika.

Mimba yake ya kwanza ilimpa uchungu mlimani. Wakambeba kwenye machela mpaka barabarani, wakakuta barabara tupu. Gari lilipokuja kupatikana, mtoto alikuwa ameshakwenda. Wenyewe hawapendi kulisimulia, nami siendi mbali zaidi ya hapo.

Alipopata mimba ya pili, daktari alisema safari hii lazima azalie hospitali ya mjini, na uchungu ukianza tu ateremshwe. Kule juu simu hushika mahali pamoja, kwenye jiwe lililo juu ya kisima, na ukipiga sauti inakatikakatika mpaka unatamani kuitupa simu bondeni. Ujumbe wa maandishi ndio unaopita. Madereva wa Mkuyuni walikubali kushika zamu, leo huyu kesho yule, lakini mtu wa mlimani atajuaje zamu ni ya nani? Kikundi cha akina mama wa kijiji kikanifuata. "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Tutengenezee kitu."

Nikawatengenezea ukurasa, mimi na kijana mmoja wa Dar ninayefanya naye kazi, fundi hodari, mdomo mrefu. Mama anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika shida yake, anabonyeza. Ukurasa unaangalia zamu ni ya nani na kumpelekea dereva huyo maneno yaleyale. Tukajaribu. Nikaandika "gari", likafika. Mwenzangu akaandika "gari haraka", likafika. Tukapeana mikono, tukanywa soda.

Siku ya kliniki dada aliteremshwa. Daktari alikuwa ameshamkataza kutembea mlimani, kwa hiyo machela. Mama mkubwa alipanda kwenye jiwe tangu alfajiri, akaandika, akabonyeza, akaona alama kwamba ujumbe umekwenda. Jibu likamrudia kweli: "Shikamoo mama. Sisi huku wazima kabisa, tunamshukuru Mungu. Mke wangu naye anakusalimu sana." Mama mkubwa akaridhika. Kijana amekubali, ana adabu zake, atakuja.

Hakuja. Jua lilipokuwa kali walipata lori la ndizi likawahurumia, dada akafika kliniki amekaa mbele pamoja na dereva na utingo. Mtoto tumboni alikuwa salama. Lakini mama mkubwa aliponiona hospitali alinishika mkono. Akasema, "Mwanangu, nimeiona tena ile barabara tupu." Nililia kwenye bajaji njia nzima kurudi nyumbani.

Nilipofika nikaomba kuuona ujumbe uliomfikia dereva. Nilisoma hivi: mwanangu hujambo, habari za tangu siku zile, mkeo hajambo, watoto hawajambo, yule mdogo aliyekuwa anakohoa amepona, poleni na mvua, huku kwetu imenyesha mpaka njia ya kisimani imemomonyoka, ndizi zimeangushwa na upepo lakini tunamshukuru Mungu, mzee wa jirani aliyekuwa mgonjwa sasa anatembea kwa fimbo, na sisi. Hapo umeishia. Baada ya "na sisi" kulikuwa na alama ya asilimia peke yake, basi. Dereva alidhani ile asilimia ni mambo ya kisasa ya simu.

Gari lilikuwa mwishoni. Kwa mama mkubwa shida hukaa mwishoni siku zote. Sisi mafundi tulikuwa tumejaribu ukurasa kwa maneno ya watu wasio na adabu, neno moja, mawili, bila hujambo wala habari za nyumbani, ndiyo maana yalipita yote.

Chanzo chenyewe kilikuwa hiki. Anwani ya mtandao, ule mstari unaouona juu ya simu ukifungua ukurasa, haipokei kila kitu. Nafasi kati ya neno na neno haiitaki kabisa. Alama ya kuuliza ina kazi yake humo, huwezi kuiweka ovyo. Maneno ya mtu yakitaka kupita humo sharti yafungashwe kwanza: kila nafasi inageuzwa kuwa alama ya asilimia na tarakimu mbili, na kila alama korofi vivyo hivyo. Yakifika upande wa pili yanafunguliwa, mtu anasoma kama yalivyoandikwa. Ni sawa na nyanya kwenye tenga, unazipanga na majani ili zisipondeke njiani, na sokoni unayatoa. Kufungasha huko hatukufanyi kwa mkono. Tunatumia maktaba, ndivyo tunavyoliita sisi watu wa kompyuta furushi la programu ambalo wengine wameshaliandika na kulitoa bure, nawe unalichukua na kulitumia.

Sasa mwenzangu aliitia maktaba hiyo upande wake, na mimi nikaitia upande wangu, kila mmoja akijiona mwangalifu. Maneno ya mama mkubwa yakafungashwa, kisha yakafungashwa tena juu ya hapo. Ile asilimia yenyewe nayo ikafungashwa! Nafasi moja ikawa herufi tano. Mwisho wa safari tulifungua mara mbili pia, kwa hiyo dereva alisoma Kiswahili safi na hakuna aliyeshtuka. Lakini kule katikati, kampuni inayotusafirishia ujumbe ina kikomo cha urefu, na kinachozidi kinakatwa kimyakimya. Mtu anayesalimia kwa ufupi hakuti kisu hicho. Mama mkubwa alikikuta.

Mwenzangu alicheka mpaka akashika meza. "Sista, hapa tatizo siyo programu yetu. Bi mkubwa anazingua. Mwambie aandike kifupi."

"Kamwambie wewe."

Akafanya kweli. Hakumwambia kwa mdomo. Aliweka tangazo juu ya ukurasa kwa herufi nyekundu: ANZA NA SHIDA. SALAMU BAADAYE.

Haikupita muda mama mkubwa akaja mjini mwenyewe na mkungu wa ndizi kichwani. Tulikuwa tumekaa uani. Mwenzangu, tumpe haki yake, alisimama akasema shikamoo. Akaitikiwa vizuri, akaulizwa za kwao, za mama yake, za kazi, akapewa ndizi mbivu. Kisha, mwishoni kama kawaida, likaja lenyewe.

"Baba, yale maandishi mekundu ni ya kwako?"

"Ndiyo mama. Ni kwa faida yenu. Ukiwa na shida unaisema moja kwa moja. Waswahili si wanasema, mficha uchi hazai?"

"Mimi nimezaa," mama mkubwa akasema, "na sijaficha kitu. Lakini heshima si utumwa. Yule dereva anaacha biashara yake, anapanda barabara ya matope kwa ajili ya mwanangu. Nimwandikie 'gari' kama ninayemwita mbuzi? Mtu anayeanza na shida anaamrisha, haombi. Mimi siwezi. Kidole chenyewe kitakataa."

"Sasa mama, bora salamu au bora mtoto?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Mama mkubwa hakupandisha sauti. Alimtazama tu, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Akasema, "Mtoto. Ndiyo maana nawaomba mlitengeneze hilo lenu, kwa sababu langu la kutengeneza silioni."

Alipoondoka nilimshukia mwenzangu kwa maneno ambayo sitayaandika. Yeye naye akanijibu, kwamba namtetea kwa sababu ni mama yangu, na kwamba kazi yetu ni kompyuta, si unyago. Tukanuniana. Lakini hasira zangu zina faida moja: nikiwa nazo sinyanyuki kwenye kiti. Nikaitoa maktaba upande wangu, ikabaki ya upande wake peke yake, kufungasha mara moja na kufungua mara moja, kama walioiandika walivyokusudia. Bado haikutosha. Salamu za mama mkubwa hata zikifungashwa mara moja bado zilipita kikomo, kwa kuwa mvua ilikuwa haijaacha kunyesha na wagonjwa wa kijiji walikuwa wengi. Ikabidi niukate ujumbe vipande kabla haujafungashwa, kila kipande kisafiri na namba yake, halafu upande wa dereva viunganishwe kwa utaratibu. Ukikata baada ya kufungasha unaweza kuipasua alama katikati, ukabaki na asilimia isiyo na wenzake, kama ile ya siku ya kliniki.

Mwenzangu alinitazama nikihangaika, mwisho akavuta kiti. "Hapo utaunganisha kinyume, sista. Leta." Tukamalizia pamoja. Hakuomba radhi, nami sikudai.

Tulikwenda Mkuyuni kujaribu siku ya soko. Mama mkubwa akapanda zake mpaka kwenye jiwe, sisi tukabaki chini na yule dereva, simu yake katikati yetu kwenye benchi la mama ntilie. Ujumbe ukaingia. Dereva akausoma kwa sauti, na watu wa jirani wakasogea. Akasoma hujambo, akasoma mkeo, akasoma watoto, mvua, kisima, mzee wa fimbo. Muuza dagaa akasema, "Huyu mama anatangaza habari au vipi?" Watu wakacheka. Dereva akaendelea kusoma na "na sisi" ikapita, ikafuata "na sisi ni wazima isipokuwa miguu, na sasa, mwanangu, kama hutajali na kama una nafasi, naomba gari." Mama ntilie akapiga kigelegele akiwa na mwiko mkononi. Mwenzangu akatoa simu yake pale pale kwenye benchi, akafuta yale maandishi mekundu.

Nilirudi Mazimbu na amani. Nilijua salamu zake zitapita zote, hata akimsalimia dereva na ukoo wake mzima. Dada naye alikuwa bado na wiki kadhaa.

Lakini mtoto hana habari na wiki zetu. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai mbele ya kompyuta. Huwa nimefungua mahali ninapoziona anwani zinavyopita, mistari mirefu iliyojaa asilimia, na za mama mkubwa unazitambua kwa mbali kwa urefu wake. Ukapita mstari mfupi. Ulitoka kwenye simu yake. Mwishoni palikuwa na neno moja: njoo.

Hapakuwa na asilimia hata moja. Neno moja halina nafasi ya kufungashwa. Maktaba ilikuwa imelitazama na kuliacha lipite lilivyo.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Nikasema, imekata tena! Nikaanza kutafuta salamu zilipopotelea, naapiza, nafungua hiki nafunga kile. Ndipo akili ikanirudia. Kisu kile hukata mkia, hakikati kichwa. Kama ujumbe ungekatwa, ningeona hujambo bila gari. Hapa nilikuwa naona njoo bila hujambo. Hakuna kilichopotea. Hakuandika kingine.

Nikampigia dereva.

"Dada, nimeshaondoka!" alipokea akipiga kelele, injini inalia. "Mama yule kaniandikia njoo. Njoo tupu! Tangu nimfahamu hajawahi hata kunipita njiani bila kuniuliza watoto. Nimemwaga chai, nimeacha abiria. Wewe nenda hospitali."

Nilimwambia mwenzangu. Yeye ndiye aliyekuwa akitaka maneno mafupi, nami nilingoja aseme. Akaliangalia lile neno kwenye kioo, akasema, "Twende, nitakupeleka kwa pikipiki."

Tulifika kabla yao. Gari lilipoingia lilikuwa na matope mpaka kwenye madirisha. Dada walimtoa wakamkimbiza ndani, amefumba macho, khanga imelowa. Mama mkubwa alishuka nyuma yake akiwa na kandambili moja, mguu mwingine mtupu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alinipita. Alipita karibu kabisa, bega likanigusa, hakuniitika. Katika maisha yangu yote haijapata kutokea niseme shikamoo kwa mama mkubwa nisisikie marahaba. Nilibaki nimesimama pale mlangoni na shikamoo yangu, naogopa kuliko nilivyoogopa siku yoyote.

Tukangoja. Dereva alikataa kuondoka. Alichukua ndoo akaosha gari lake pole pole, akaliosha tena. Mwenzangu aliniletea maji ya kunywa, akakaa chini ukutani bila kugusa simu. Kila mlango uliofunguliwa nilisimama. Niliwaza dada yangu, nikawaza ile barabara tupu ya kwanza, nikasema Mungu wangu, siyo mara mbili kwa mwanamke mmoja.

Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa veranda mama mkubwa alipotoka. Alikuwa peke yake. Alitembea taratibu akiwa amejifunga khanga upya, akaja mpaka kwenye benchi, akakaa kando yangu. Nikafungua mdomo.

"Mama, mto..."

Akaniwekea mkono kwenye goti. "Mwanangu, mimi na wewe leo hatujasalimiana."

Nilielewa. Kabla ya neno jingine nilielewa, na machozi yakanitoka hapohapo bila kuniomba ruhusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Habari za tangu siku zile? Nyumbani kwema? Na kazi zako?"

"Njema mama. Nyumbani kwema." Nilikuwa nalia kama mtoto na kuitika kimoja kimoja.

"Na huyu baba wa maandishi mekundu, naye hajambo?"

"Shikamoo mama," mwenzangu akasema kutoka ukutani.

"Marahaba, baba. Mama yako hajambo? Mvua huku mjini mmepata? Huku kwetu imenyesha sana, ile njia ya kisimani sasa haipitiki, lakini tunamshukuru Mungu." Akageuka akamtazama dereva pale kwenye gari lake linalong'aa, akampungia aje, akamwuliza mke, akamwuliza watoto, akamwuliza yule mdogo aliyekuwa anakohoa. Dereva akaitika yote akiwa ameshika kitambaa kinachodondosha maji.

Kisha akanirudia mimi.

"Na sisi," akasema, "tumepata mtoto wa kike. Mama yake anakusalimu."